Habari ya Afya Ivukapo Mpaka: Maswali Matano ya Kuiuliza Kabla ya Kuipokea



Msafiri anapofika katika kizuizi cha Lia, Vurra au Oraba, yapo maswali anayoulizwa kabla ya kuruhusiwa kupita. Wewe ni nani? Umetoka wapi? Umeondoka lini? Una hati gani? Unakwenda kufanya nini? Maswali hayo hayana maana kwamba kila msafiri ni mhalifu. Walio wengi ni wafanyabiashara wa soko la Ariwara, ndugu waendao msibani, na wagonjwa wanaokuja Hospitali ya Rufaa ya Arua. Wote huulizwa kwa sababu mtu mmoja mwenye nia mbaya, akipita bila kuulizwa, aweza kuwadhuru wengi.

Yupo mgeni mwingine avukaye mipaka yetu mchana na usiku bila kusimama katika kizuizi chochote. Mgeni huyo ni habari ya afya iliyo ndani ya simu. Hutoka Bunia, Juba, Kampala, Lagos au Marekani, na kwa dakika chache huwa imekwisha kuingia katika kundi la WhatsApp la ukoo, la kanisa, la msikiti au la wafanyabiashara. Hakuna askari awezaye kusimama katika njia hiyo. Mlinzi wake ni mwenye simu.

Katika somo hili tutajifunza kuiuliza habari ya afya maswali matano yale yale anayoulizwa msafiri. Hatusemi kwamba yote yaliyomo katika intaneti ni uongo. Mama mwenye mtoto anayeharisha aweza kupata humo maelezo sahihi ya kumwokoa. Tunasema tu kwamba habari njema na habari mbaya huvaa nguo zinazofanana, na pasipo kuuliza hatuwezi kuzitenganisha.

Kwa nini polisi wanazungumzia afya

Polisi si madaktari, na katika ukurasa huu hatutamwandikia mtu dawa. Hata hivyo, uvumi wa afya ukishawaingia watu hofu, matokeo yake hufika mikononi mwetu: gari la wachanjaji limepigwa mawe, mgeni amezingirwa na umati, au mgonjwa amefichwa nyumbani hadi ameambukiza jamaa nzima.

Mfano ulio karibu nasi ni wa jirani zetu wa Kongo. Tarehe 1 Agosti 2018 ulitangazwa mlipuko wa Ebola katika Kivu ya Kaskazini, kisha ukaenea hadi Ituri, mkoa unaopakana nasi. Ulidumu hadi tarehe 25 Juni 2020 na kuua watu 2,287. Mwezi Septemba 2018 watafiti waliwahoji watu wazima 961 katika miji ya Beni na Butembo. Takriban mtu mmoja kati ya wanne alisema haamini kwamba Ebola ipo. Utafiti huo ulionyesha pia kwamba walioamini uvumi walikuwa wazito kukubali chanjo na wazito kutafuta matibabu. Mwezi Februari 2019 vituo vya kutibia Ebola huko Katwa na Butembo vilishambuliwa, na tarehe 19 Aprili mwaka huo Dakta Richard Mouzoko wa Shirika la Afya Duniani, raia wa Kamerun, aliuawa kwa risasi ndani ya hospitali ya Butembo alikokuwa akifanya kazi. Uvumi haukuwa sababu pekee ya mashambulizi hayo. Palikuwa na vita vya miaka mingi na kutoaminiana kwingi. Lakini mahali palipokwisha kukauka namna hiyo, uvumi ulikuwa cheche.

Asiwepo mtu wa kusema kwamba Butembo ni mbali. Mwishoni mwa Juni 2019 mgonjwa mmoja aliyekuwa amesafiri kutoka eneo la Beni alithibitishwa kuwa na Ebola huko Ariwara, mahali ambapo wengi wetu huuza na kununua. Ugonjwa ulisafiri zaidi ya kilomita 400 kuja kutukaribia. Uvumi ungeweza kusafiri mwendo huo huo kwa nukta moja.

Mfano wa pili ni wa Nigeria. Mwezi Agosti 2014, Ebola ilipoingia nchi hiyo, ulienea kwa simu ujumbe uliowaambia watu waoge na kunywa maji ya chumvi ili wajikinge. Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba watu wawili walikufa kwa sababu ya maji hayo. Watu hao hawakuuawa na Ebola. Waliuawa na ushauri, na yawezekana kabisa kwamba aliyewapelekea ushauri huo alikuwa mtu aliyewapenda.

Hapo ndipo ulipo ugumu wa jambo hili. Mwizi huja usiku na tunamjua kwa kujificha kwake. Habari ya uongo huletwa mchana, na shangazi, na mchungaji, na rafiki wa shule, kwa moyo mweupe. Kwa hiyo hatuwezi kuipima kwa wema wa aliyetuletea. Lazima tuiulize yenyewe.

Swali la kwanza: Wewe ni ya nani?

Kila habari ya afya iliyo ya kweli ina mwenyewe, mtu au taasisi iliyo tayari kujibu ikiulizwa. Ujumbe usemao "daktari mmoja mkubwa amethibitisha" hauna mwenyewe. Daktari ana jina, ana hospitali, na ana fani yake. Hata akiwa daktari wa kweli, daktari wa meno si shahidi wa kutosha katika mambo ya chanjo.

Tazama pia njia ambayo ujumbe umepita. WhatsApp huweka alama ya mishale miwili juu ya ujumbe uliokwisha kupitishwa mara nyingi kutoka mtu hadi mtu, na tangu Aprili 2020 ujumbe wa namna hiyo hauwezi kupelekwa kwa zaidi ya mazungumzo mamoja kwa mara moja. Alama hiyo haimaanishi kwamba ujumbe ni uongo. Inamaanisha kwamba aliyekuletea siye aliyeuandika, na pengine hajui aliyeuandika.

Nembo peke yake haitoshi. Nembo ya Wizara ya Afya au ya Shirika la Afya Duniani yaweza kunakiliwa na kijana yeyote mwenye simu. Siku hizi hata uso na sauti ya mtu mashuhuri vyaweza kutengenezwa kwa kompyuta vikasema maneno ambayo mwenyewe hajayasema. Ukiona tangazo lenye nembo, nenda ukalitafute katika ukurasa wa taasisi yenyewe. Anwani za ofisi za serikali ya Uganda huishia na go.ug, ya Shirika la Afya Duniani ni who.int. Soma anwani herufi kwa herufi, maana walaghai hupenda anwani inayofanana na ya kweli kama mapacha. Kama tangazo zito namna hiyo halipo kwa anayedaiwa kulitoa, usilipokee.

Swali la pili: Umetoka wapi, na unazungumzia mahali gani?

Swali hili latuhusu watu wa West Nile kuliko watu wengine wote duniani, na sababu yake ni ya ajabu kidogo. Mwaka 1937, watafiti waliokuwa wakichunguza homa ya manjano walichukua damu ya mwanamke mmoja mwenye homa huko Omogo, katika wilaya ya West Nile ya wakati ule. Ndani yake walikuta kirusi ambacho sayansi ilikuwa haijakijua. Kikaitwa kwa jina la wilaya yetu. Kazi hiyo ilifanywa na taasisi ya Entebbe ambayo leo ni Taasisi ya Utafiti wa Virusi ya Uganda. Mwaka 1999 kirusi hicho kilionekana New York, na tangu hapo habari zake hutokea Marekani karibu kila kiangazi.

Basi mtu wa Arua akiandika "West Nile" katika simu yake ili apate habari za nyumbani, huenda akaletewa kichwa cha habari kinachosema kwamba watu wamekufa kwa West Nile. Asiyeuliza mahali atadhani watu wanakufa Terego au Maracha, kumbe habari ni ya Marekani. Habari hiyo si uongo. Aliyeiandika alisema kweli. Inageuka kuwa uongo pale inapopokewa bila kuulizwa imetoka wapi.

Jina la Sudan nalo lina mtego huo huo. Mlipuko wa Ebola uliotangazwa Mubende tarehe 20 Septemba 2022 ulisababishwa na kirusi kiitwacho kirusi cha Sudan. Jina hilo linatokana na mlipuko wa mwaka 1976 huko Nzara, ambako leo ni Sudan Kusini. Halina maana kwamba ugonjwa wa Mubende uliletwa na mtu wa Sudan Kusini. Hapa kwetu, ambako ndugu zetu wengi wametoka ng'ambo ya Oraba na wengine wanaishi katika makazi ya wakimbizi, kosa dogo la kusoma jina laweza kumfanya jirani asiye na hatia achukiwe. Wakakwa wanaishi katika nchi tatu; jina la ugonjwa lisiwe panga la kuwatenga.

Tena iko habari iliyo kweli upande mmoja wa mpaka na isiyo kweli upande wa pili. Chanjo ya Ebola iitwayo Ervebo ilitumika Kongo tangu 2018, na watu zaidi ya 300,000 waliipata katika mlipuko ule wa Kivu na Ituri. Mtu wa Aru angeweza kumwambia nduguye wa Vurra kwa dhati kabisa, "Chanjo ipo, sisi tulichanjwa." Lakini chanjo hiyo hukinga dhidi ya kirusi cha Ebola cha aina ya Zaire. Dhidi ya kirusi cha Sudan, kilichokuwa Mubende, hapakuwa na chanjo iliyoidhinishwa. Ambaye hakujua tofauti hiyo angeweza kudhani kwamba serikali inaficha chanjo. Ndugu wa Aru hakusema uongo, na serikali haikuficha. Ukweli ulivuka mpaka bila hati zake.

Swali la tatu: Uliondoka lini?

Intaneti haizeeki. Picha ya miaka 10 iliyopita huonekana mpya kama ya leo asubuhi. Kwa hiyo tafuta tarehe, na kama haipo, hesabu habari hiyo kuwa na kasoro.

Katika mlipuko wa 2022, wilaya za Mubende na Kassanda ziliwekewa amri ya kuzuia safari kuanzia Oktoba hadi Desemba. Mlipuko ulitangazwa kwisha tarehe 11 Januari 2023, baada ya wagonjwa 142 kuthibitishwa, na 55 kati yao kufariki. Tarehe 30 Januari 2025 mlipuko mwingine wa kirusi hicho hicho ulitangazwa Kampala. Fikiri sasa mfanyabiashara wa Koboko ambaye angepokea siku hiyo tangazo la kweli kabisa la 2022 kuhusu kufungwa kwa njia. Angeacha bidhaa zioze kwa amri iliyokwisha kufutwa miaka 2 nyuma.

Ujuzi wa tiba nao hubadilika. Wazee wetu wanakumbuka klorokwini, vidonge vichungu vilivyokuwa dawa ya malaria katika kila nyumba. Vimelea vya malaria viliizoea dawa hiyo, na mwaka 2004 Uganda ilibadili sera yake na kuchagua dawa mseto ya artemetha na lumefantrini. Makala ya zamani inayosifu klorokwini haikuandikwa na mwongo. Iliandikwa na mtu wa wakati wake. Lakini mzazi atakayeifuata leo, mtoto wake akiwa na degedege la malaria, atapoteza saa ambazo haziwezi kurudishwa.

Swali la nne: Una hati gani?

Hati ya habari ya afya ni ushahidi. Ushuhuda na ushahidi ni maneno yanayofanana kwa sauti, lakini hayana uzito mmoja. Ushuhuda ni mtu mmoja kusema, "Nilitumia nikapona." Ushahidi ni watu wengi kuchunguzwa kwa utaratibu, waliotumia dawa na wasioitumia, waliopona na wasiopona, kisha kulinganishwa.

Mwaka 2011 Afrika Mashariki nzima ilisikia habari za Loliondo. Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, katika kijiji cha Samunge huko Tanzania, alikuwa akiwanywesha watu kikombe cha dawa ya mizizi kwa shilingi 500 za huko, na ikasemwa kwamba kinaponya UKIMWI, kisukari na kansa. Misururu ya magari ilikuwa ya kilomita nyingi, na wengine walikufa wakiwa bado njiani. Wapo waliorudi nyumbani wakaacha dawa za kupunguza makali ya virusi kwa kuamini kwamba wamepona. Shuhuda zilikuwa maelfu. Je, kwa nini wingi wa shuhuda haukutosha? Kwa sababu aliyejisikia nafuu alisimulia, na aliyezikwa hakusimulia. Wafu hawatumi ujumbe wa sauti. Tukihesabu wasemao tu, kila dawa itaonekana kuwa nzuri.

Hatudharau mitishamba. Dawa ya mitishamba yaweza kupimwa kama dawa nyingine. Mwezi Juni 2021 Mamlaka ya Taifa ya Dawa ya Uganda iliikubali Covidex, iliyotengenezwa na mtaalamu wa Chuo Kikuu cha Mbarara, itumike kusaidia matibabu ya maradhi ya virusi. Angalia neno lile "kusaidia". Mamlaka haikusema kwamba inaponya Korona. Katika makundi ya simu neno hilo dogo lilikuwa jepesi kuanguka njiani, na iliyobaki ikawa "dawa ya Korona imepatikana". Kwa hiyo usiulize tu kama habari ina ushahidi. Uliza ushahidi huo unasema nini hasa, na kama neno lolote limepotea katika safari.

Jihadhari pia na habari isemayo kwamba dawa moja inaponya maradhi yote. Malaria huletwa na vimelea, kisukari ni hitilafu ya mwili kutumia sukari, na kansa ni chembe za mwili kukua bila mpaka. Milango hii haina ufunguo mmoja.

Swali la tano: Unakwenda kufanya nini?

Hatimaye tunauliza shabaha. Habari hii inataka nifanye nini, na nani atafaidika nikifanya hivyo?

Mwaka 2019 gazeti la Guardian la Uingereza lilifichua kwamba kioevu kiitwacho MMS kilikuwa kikigawiwa kwa watu hapa Uganda kama dawa ya malaria, UKIMWI na maradhi mengine. Kioevu hicho kilikuwa kimetangazwa kwa miaka mingi katika intaneti, kwa picha za video za watu wadaio kupona. Kikichanganywa na asidi kama inavyoelekezwa, hutoa kemikali ya jamii ya zile zinazotumika viwandani kupaushia. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilikuwa imewaonya watu tangu 2010 kwamba wanaokunywa wanakunywa dawa ya kupaushia. Jina lake lilitaja muujiza. Kilichokuwa ndani ya chupa ni kile ambacho mama wa nyumbani hukifungia mbali na watoto.

Dalili za shabaha mbaya si ngumu kuzitambua. Ujumbe unaokutisha ili usipate nafasi ya kufikiri. Ujumbe unaokuharakisha: "Tuma kwa watu wote kabla haujafutwa." Muuzaji anayetaka fedha kwa simu kwanza, asiye na duka, asiye na leseni, anayehama namba kila mwezi. Mtu anayekuambia uache dawa ya hospitali ndipo ya kwake ifanye kazi. Na ule ujumbe unaomtaja mtu au kabila kuwa ndilo chanzo cha ugonjwa. Huo wa mwisho tuleteeni sisi polisi upesi, kwa kuwa baada ya maneno hayo huja fimbo.

Zoezi

Tumebuni ujumbe ufuatao kwa ajili ya kujifunza. Tusome pamoja.

"Daktari mkuu wa hospitali kubwa Kongo amesema chanjo ya wasichana inayoletwa wiki ijayo ina dawa ya kuwafanya wasizae. Video ipo. Wazazi wa Koboko, ficheni watoto wenu. Tuma kwa makundi yote kabla haijafutwa."

Ni wa nani? Daktari hana jina na hospitali haina jina. Umetoka wapi? Unasema Kongo, lakini unawaamuru wazazi wa Koboko; haielezwi kwa nini daktari wa nchi moja azungumzie chanjo ya nchi nyingine. Uliondoka lini? Unasema "wiki ijayo", na wiki ijayo haina mwisho: kila atakayeusoma ataona ni wiki ijayo yake. Una hati gani? Video. Lakini video ya nini? Mtoto anayelia kwa sindano haonyeshi kwamba sindano ina sumu, watoto hulia. Unakwenda kufanya nini? Kutisha, kuficha watoto na kujieneza.

Umeanguka maswali yote matano. Hata hivyo hofu ya mzazi ni ya kweli na haifai kuchekwa. Mzazi huyo aelekezwe kwa muuguzi wa kituo cha afya, amwulize ana kwa ana: chanjo hii ni ya nini, imetolewa hapa tangu lini, na ina madhara gani? Muuguzi ana wajibu wa kujibu. Huko nako ni kuhakiki habari.

Pa kuulizia

Wa kwanza ni mhudumu wa afya wa kijiji, yule VHT mnayemjua kwa jina. Wa pili ni kituo cha afya kilicho karibu, na juu yake Hospitali ya Koboko na Hospitali ya Rufaa ya Arua. Wizara ya Afya ina namba ya simu isiyotozwa malipo, 0800 100 066. Kuhusu dawa inayouzwa, Mamlaka ya Taifa ya Dawa hupokea simu bila malipo kwa namba 0800 101 999. Wapo pia wahakiki wa habari kama PesaCheck na Africa Check, ambao huchunguza madai yanayozunguka mitandaoni na kuchapisha walichokiona. Redio zetu za Arua huwaalika madaktari. Pigeni simu wakati wa kipindi mwulize, maana swali lako ni la wengi.

Kama uko njia panda na hujapata jibu, shika kanuni hii: usiitumie na usiitume. Wala usiitupe katika kundi ukaongeza maneno "Je, ni kweli?" Watu 200 watasoma uvumi, na labda 10 watasoma jibu. Mpelekee mtu mmoja ajuaye, kisha ungoje.

Ukigundua kwamba mzee wako amesambaza uongo, usimwaibishe mbele ya kundi. Mpigie simu au mwendee, umpe heshima yake: "Baba, nimeuliza hospitali kuhusu ule ujumbe, wamenieleza hivi." Mtu aliyesahihishwa kwa staha mara nyingi huurudia ujumbe wake mwenyewe akaufuta. Aliyeaibishwa huutetea.

Kwa viongozi wenzetu, wenyeviti wa LC1, machifu, wachungaji na maimamu, tunaongeza neno moja. Uvumi hukua mahali ambapo mwenye kujua amenyamaza. Likitokea jambo la afya, semeni mapema mnachokijua. Na la msingi kwa kila msomaji ni hili: kuuliza si ujinga, wala si kosa. Anayetuletea ujumbe akitaka kujua ukweli wake, tunamhesabu kuwa msaidizi wa amani. Tunaowafuatilia ni wanaouza dawa bila kibali na wanaochochea watu kudhuru wengine.

Maswali ya mjadala kwa vikundi

1. Tafuteni katika simu zenu ujumbe mmoja wa afya uliopokewa mwezi huu. Uulizeni maswali matano. Umejibu mangapi?

2. Ni habari gani ya afya iliyo kweli Aru au Kaya, lakini huenda isiwe kweli Arua au Koboko? Kwa nini?

3. Katika kijiji chenu, watu humwendea nani kwanza wanaposikia habari ya ugonjwa? Mtu huyo anahitaji kusaidiwa nini ili ajibu vizuri?

4. Mtamwambiaje jirani aliyeacha dawa za hospitali kwa sababu ya video aliyoiona? Igizeni mazungumzo hayo wawili wawili, kisha mjadiliane ni maneno gani yaliyofungua moyo wake na yapi yaliyoufunga.